Kutyuni Gitaa kwa Sikio: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kutyuni ni kukaza au kulegeza nyuzi mpaka kila mmoja utoe noti yake. Maswali haya ndiyo ambayo wanafunzi wa gitaa huyarudia, wengi wao wakiwa watu wa kwaya na vijana wanaojifunza nyumbani kwa kuwatazama wengine. Majibu yanahusu gitaa la kawaida la nyuzi sita. Magitaa ya aina nyingine yamewekwa katika sehemu ya mwisho.

## Mambo ya mwanzo

Kuna haja gani ya kujifunza kutyuni kwa sikio ilhali simu ina programu ya kazi hiyo?

Programu ni chombo kizuri na hakuna aibu kuitumia. Lakini hukuambia jambo moja tu, nalo ni kwamba uzi fulani, ukipigwa peke yake, umefika au haujafika mahali pake. Haikuambii kama nyuzi zako zinapatana ndani ya kordi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, unayotaka kupiga, na haitakufaa katikati ya ibada wakati uzi wa tatu umeshuka na kwaya nzima inakungoja uanze ubeti.

Sababu ya pili, kwa maoni yangu, ni kubwa zaidi. Anayetyuni kwa sikio kila siku hujifunza kusikia umbali ulio kati ya noti na noti, na usikivu huohuo ndio atakaoutumia kutafuta wimbo asioujua au kumfuata mwimbaji aliyeanza juu kuliko ilivyokubaliwa. Nimewahi kufundisha wanafunzi waliotumia programu kwa miaka miwili mfululizo, ambao hata hivyo hawakutambua kwamba uzi wao wa pili ulikuwa chini kwa karibu nusu toni nzima. Macho yao yalikuwa yamezoea kusoma kioo cha simu, na masikio hayakuwa yamepewa kazi yoyote.

Je, ni lazima mtu awe amezaliwa na sikio la muziki?

Hapana. Wapo watu wachache wanaoweza kuitaja noti bila kuilinganisha na nyingine yoyote, lakini kipaji hicho hakihitajiki hapa. Kutyuni ni kulinganisha sauti mbili na kuamua kama ni moja au ni mbili. Ikiwa unaweza kusikia kwamba mtu mmoja katika kwaya anaimba chini kidogo ya wenzake, tayari una mtaji wa kutosha.

Afrika Mashariki imekuwa na kazi hii kabla ya gitaa kuenea. Mpigaji wa nyatiti ya Waluo hukaza nyuzi zake nane kwa kuzisikiliza, na mpigaji wa udi katika taarabu hana hata freti, yaani vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa, za kumwongoza, kwa hiyo sikio lake hufanya kazi kabla ya wimbo na wakati wote wa wimbo.

Nyuzi sita zinatakiwa kutoa noti gani?

Uzi mwembamba kabisa huitwa wa kwanza, na ule mnene kabisa huitwa wa sita. Kuanzia ule mnene, noti zake ni E, A, D, G, B na E. Kwa kipimo cha mitetemo kwa sekunde, nyuzi hizo hutoa takribani 82.4, 110, 146.8, 196, 246.9 na 329.6. Huna haja ya kukariri tarakimu hizi, ila zitatusaidia katika maswali ya mbele. Angalia kwamba uzi wa kwanza unatetema mara nne zaidi ya wa sita: zote mbili ni E, zikiwa zimeachana kwa oktava mbili, na kila oktava huongeza mitetemo maradufu.

Mbona wengine husema mi, la, re, sol, si, mi?

Ni noti zilezile. Katika nchi zilizopokea masomo ya muziki kwa Kifaransa, yaani Kongo, Burundi na Rwanda, majina ya do, re, mi ni ya kudumu: do daima ni C, na la daima ni A. Mpigaji wa Lubumbashi anayekuambia ukaze la na mpigaji wa Nairobi anayekuambia ukaze A wanazungumzia uzi mmoja, yaani wa tano.

Mkanganyiko huwapata watu wa kwaya za Tanzania na Kenya, kwa kuwa do ya noti za kwaya huhamahama: mwalimu anaweza kuiweka do kwenye G leo na kwenye E bapa kesho. Mtu wa kwaya akisikia "mi" kutoka kwa Mkongo, asianze kutafuta do iko wapi. Katika majibu yaliyosalia nimetumia herufi kwa majina ya nyuzi, na do-re-mi ya kwaya kwa umbali kati ya nyuzi.

Noti ya kuanzia naipata wapi?

Ikiwa unapiga peke yako, popote. Muziki wa gitaa moja na sauti moja, kama ule wa mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda wa Katanga aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, haudai kipimo cha kimataifa. Unachodai ni nyuzi sita zinazopatana zenyewe kwa zenyewe, katika kimo kinachofaa koo la mwimbaji. Kaza uzi wa sita mpaka usiwe umelegea wala kukaza mno, kisha uzifuatishe nyingine.

Ukiwa na wenzako, chukua noti kutoka kwa chombo kisichoweza kubadilishwa haraka, na mara nyingi hicho ni kinanda. Chombo kingine cha kutegemewa ni uma wa sauti, kipande cha chuma chenye ncha mbili kilichobuniwa mwaka 1711 na John Shore, mpiga tarumbeta wa Uingereza. Uma wa kawaida hutoa A ya mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa London wa mwaka 1939. Ugonge kwenye goti, uguse kitako chake kwenye ubao wa gitaa, na ubao wenyewe utaimba. Noti hiyo ni sawa na freti ya tano ya uzi wa kwanza, na ipo oktava mbili juu ya uzi wa tano ulio wazi, yaani usiobonyezwa.

## Njia ya freti ya tano

Njia hii hufanyikaje?

Hakikisha kwanza uzi wa sita uko mahali pake. Ubonyeze kwenye freti ya tano, nayo itatoa A. Kaza au legeza uzi wa tano mpaka utoe sauti hiyohiyo ukiwa wazi. Kisha freti ya tano ya uzi wa tano hukupa D ya uzi wa nne, na freti ya tano ya uzi wa nne hukupa G ya uzi wa tatu. Hapo badilisha: freti ya nne ya uzi wa tatu ndiyo hukupa B ya uzi wa pili. Mwishoni rudi kwenye freti ya tano, na uzi wa pili utakupa E ya uzi wa kwanza.

Bonyeza karibu na chuma cha freti na kwa nguvu ya kutosha tu, kwa sababu kidole kinachokandamiza huivuta noti juu na kuipotosha ile unayoifuatisha. Acha nyuzi zote mbili zilie pamoja unapogeuza ufunguo wa kukazia uzi, kwa kuwa kupiga mmoja, kuuzima, kisha kupiga wa pili hukulazimisha kutegemea kumbukumbu.

Kwa nini uzi wa pili unatumia freti ya nne?

Kwa sababu umbali kati ya G na B ni toni mbili, yaani freti nne, wakati jozi nyingine zote zimeachana kwa toni mbili na nusu, yaani freti tano. Gitaa liliwekwa hivyo ili vidole vinne viweze kushika kordi bila kujinyoosha kupita uwezo wake. Usiichukulie tofauti hii kuwa jambo dogo, kwa maana matatizo mengi ya kutyuni huanzia hapohapo, kama utakavyoona katika swali la kordi ya E na kordi ya C.

Nasikia kwamba sauti mbili hazifanani, lakini sijui ipi iko juu. Nifanye nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ni kuimba. Piga noti unayoifuatisha, uiimbe kwa "aa" au kwa mdomo uliofungwa, kisha piga uzi unaoutyuni na uusogeze mdomo wako mpaka ukutane nao. Je, koo lilipanda au lilishuka? Koo hujua kabla akili haijajua. Anayesema hana sauti ya kuimba pia hufaulu, kwa kuwa hatafuti uzuri wa sauti, anatafuta mwelekeo.

Ikiwa bado una shaka, legeza uzi kwa makusudi mpaka uwe chini waziwazi, hata mtoto aweze kusema kwamba uko chini. Kutoka hapo una njia moja tu, nayo ni ya kupanda polepole. Shaka nyingi hutokea kwa sababu mwanafunzi anazungukazunguka karibu sana na noti, akipita juu na chini bila kujua amepita.

Mapigo yanayozungumzwa na wapigaji ni nini?

Nyuzi mbili zinapokaribiana sana bila kulingana, sauti yao ya pamoja hupanda na kushuka kwa nguvu, kana kwamba mtu anafungua na kufunga mlango wa chumba chenye redio: wau, wau, wau. Kuinuka huko ndiko kunakoitwa mapigo. Mitetemo ya uzi mmoja wakati fulani hukutana na ya mwingine na kusaidiana, na wakati mwingine hupingana na kupunguzana.

Kasi ya mapigo ni tofauti ya mitetemo yenyewe. Uzi mmoja ukiwa na 110 na mwingine 108, utasikia mapigo mawili kila sekunde. Ukiusogeza hadi 109, litabaki moja. Kadiri unavyokaribia, mapigo hurefuka, na ukifika hutoweka, sauti mbili zikawa moja iliyotulia. Mapigo yakizidi kwenda kasi unapogeuza ufunguo, unaelekea pasipofaa. Kwa hiyo hata mtu asiye na uhakika wa juu na chini anaweza kutyuni kwa usahihi mkubwa kwa kufuata mapigo peke yake.

Kwa nini nimalizie kwa kukaza na si kwa kulegeza?

Meno ya ufunguo huwa na nafasi ndogo kati yake. Ukimalizia kwa kulegeza, nafasi hiyo hubaki wazi na uzi utaichukua baada ya mipigo michache, ukashuka. Ukipitiliza, shuka chini ya noti kisha upande tena.

Nimefuata hatua zote, lakini uzi wa kwanza na wa sita hazipatani. Nimekosea wapi?

Huenda hukukosea pakubwa popote. Katika njia hii kila uzi hurithi kosa la uliotangulia, na makosa matano madogo ya upande mmoja hujumlishwa. Dawa yake ni kuzifuatisha nyuzi zote kwa uzi mmoja. Weka uzi wa tano sawasawa, kisha utafute A katika kila uzi: freti ya tano ya uzi wa sita, ya saba ya uzi wa nne, ya pili ya uzi wa tatu, ya kumi ya uzi wa pili na ya tano ya uzi wa kwanza. Baadhi ya A hizi ziko oktava moja au mbili juu ya uzi wa tano, na kuzilinganisha kunataka mazoezi, lakini hakuna kosa linalobebwa kutoka uzi hadi uzi.

## Kutyuni kwa noti za kwaya

Ninajua noti za kwaya. Je, zinaweza kunisaidia?

Sana, na ninasikitika kwamba walimu wengi wa gitaa hawazitumii. Chukulia uzi mnene kuwa so ya chini, na uzi unaoufuata kuwa do. Ruka hiyo, so kwenda do, imo mwanzoni mwa nyimbo nyingi za ibada, na mtu aliyekaa kwaya mwaka mmoja huiimba bila kufikiri. E kwenda A ni so-do. A kwenda D ni so-do. D kwenda G ni so-do. Kutoka G kwenda B ni do-mi. Kutoka B kwenda E ni so-do tena.

Piga uzi wa sita, imba so yake, ruka kwenye do, na ndipo uuguse uzi wa tano kuona kama umekutana na sauti yako. Njia hii haihitaji freti, kwa hiyo mkono wa kushoto uko huru kugeuza ufunguo wakati wowote. Kila jozi ina do yake mpya. Usijaribu kuishika do moja kwa gitaa zima.

## Hamoniki

Hamoniki ni nini na hutumikaje?

Ukigusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya chuma cha freti, bila kuubonyeza, kisha ukaupiga na kuondoa kidole, hutoka sauti nyembamba kama ya kengele. Sehemu rahisi ni freti za 12, 7 na 5. Hamoniki ya freti ya 5 ya uzi wa sita hulinganishwa na ya freti ya 7 ya uzi wa tano. Vivyo hivyo kati ya wa tano na wa nne, wa nne na wa tatu, kisha wa pili na wa kwanza. Jozi ya wa tatu na wa pili haifuati utaratibu huu. Uzuri wa hamoniki ni kwamba huendelea kulia baada ya kidole kuondoka, na mapigo yake husikika waziwazi.

Nimeondoa mapigo yote kwa hamoniki, mbona kordi bado hazijatulia?

Kwa sababu hamoniki hufuata maumbile ya uzi, na freti hufuata mgawanyo wa oktava katika hatua 12 zilizo sawa. Mifumo hiyo miwili inakaribiana bila kulingana. Hamoniki ya freti ya 5 ya uzi wa sita ni mara nne ya 82.4, yaani takribani 329.6, hamoniki ya freti ya 7 ya uzi wa tano ni mara tatu ya 110, yaani 330. Gitaa lililotyuniwa vizuri linatakiwa liwe na pigo moja refu hapo, la karibu sekunde tatu. Ukiliondoa, uzi wa tano utashuka kidogo mno. Ukirudia hivyo kwa wa nne na wa tatu, uzi wa tatu utakuwa chini kwa kiasi ambacho sikio hukisikia ndani ya kordi.

Acha pigo hilo refu libaki. Kwa uzi wa pili, ulinganishe ukiwa wazi na hamoniki ya freti ya 7 ya uzi wa sita, na kwa uzi wa kwanza, ulinganishe ukiwa wazi na hamoniki ya freti ya 5 ya uzi huohuo wa sita.

Nikirekebisha kordi ya E ikawa tamu, kordi ya C inaharibika. Gitaa langu ni bovu?

Gitaa ni zima. Katika kordi ya E, uzi wa tatu hushika noti ya mi ya kordi, na kwenye gitaa mi huwa juu kidogo kuliko ile ambayo kwaya nzuri huiimba bila ala. Tofauti hiyo ni karibu sehemu 14 kwa 100 za nusu toni. Sikio lako, likitamani mi tamu, hukufanya ulegeze uzi wa tatu. Lakini katika kordi ya C uzi huohuo uko wazi na hushika so, ambayo sasa imeshuka.

Wanafunzi wenye masikio makali huteseka kwa jambo hili kwa miezi wakidhani wamekosea. Hakuna namna ya kuweka nyuzi ambayo kila kordi itakuwa tamu kabisa. Jaribu kordi za E, C, G na D kwa zamu, na ugawe kasoro ili isilemee kordi moja. Ikiwa wimbo mzima uko kwenye E, sioni dhambi kuipendelea E.

## Gitaa lisilokaa kwenye tyuni

Nyuzi mpya zinashuka kila baada ya dakika chache. Ni kawaida?

Ndiyo. Uzi mpya hunyooka, na mizunguko yake kwenye ufunguo hujikaza. Uzungushe mara mbili au tatu bila kupandana, uvute kwa upole kuelekea mbali na ubao, utyuni tena, na urudie mpaka utulie. Nyuzi za chuma hutulia siku hiyohiyo, ila za nailoni zinaweza kuchukua siku kadhaa.

Hali ya hewa inaathiri?

Inaathiri sana. Gitaa likitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi likapigwa juani, nyuzi za chuma hutanuka na kushuka, kwa hiyo liache lizoee mahali kabla ya kulityuni. Unyevu nao huufanya ubao ujae. Pwani, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam na Zanzibar, hewa ya chumvi hushika kutu nyuzi haraka, na uzi wenye kutu hautoi tena noti moja safi. Zifute kwa kitambaa kikavu kila umalizapo.

Nyuzi ziko sawa zikiwa wazi, lakini juu ya shingo zinapotoka. Kwa nini?

Linganisha hamoniki ya freti ya 12 na noti ya freti hiyohiyo ikibonyezwa. Zikitofautiana ingawa nyuzi ni mpya, urefu wa uzi haujawekwa vizuri kwenye daraja, yaani kipande kinachoshikilia nyuzi mwilini mwa gitaa. Noti iliyobonyezwa ikiwa juu, uzi unatakiwa kurefushwa. Kwenye gitaa la umeme kuna skrubu za kazi hiyo. Gitaa kavu mpelekee fundi.

## Hali za pekee

Katika bendi, nani amfuate nani?

Kinanda kikiwapo, wote wakifuate. Besi ityuniwe kwanza kati ya magitaa, kwa kuwa nyuzi zake nne ni E, A, D na G za oktava moja chini, na kosa lake huwafanya wengine waonekane wamekosea. Mpigaji wake atumie hamoniki, maana noti nzito ni ngumu kulinganisha. Tarumbeta na saksafoni hupanda kimo zinapopata joto, kwa hiyo wapulizaji wapashe ala zao kwanza, ndipo wote mlinganishe.

Natyunije mi-composé ya rumba ya Kongo?

Katika mtindo huu uzi wa nne huondolewa, na mahali pake huwekwa uzi mwembamba unaotoa D ya oktava moja juu. Njia ya freti ya tano hukatika hapo. Tyuni kwanza nyuzi nyingine tano, kisha ubonyeze freti ya tatu ya uzi wa pili: sauti hiyo ndiyo D unayoitafuta.

Na gitaa la nyuzi 12?

Jozi mbili nyembamba hulingana kabisa; katika jozi nne nyingine, uzi mmoja uko oktava juu ya mwenzake. Tyuni nyuzi kuu sita kwanza ukiwa umezima wenzake kwa kidole. Uzi wa juu wa jozi ya G ndio hukatika mara nyingi, kwa hiyo wengi hushusha gitaa zima kwa nusu toni au toni nzima.

Nikiweka kapo, lazima nityuni tena?

Kwa kawaida ndiyo, kidogo, kwa kuwa kapo, kibano kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja, huzivuta juu, na huzivuta zaidi ikikaza sana. Iweke karibu na chuma cha freti.

Ukumbini kuna kelele na sisikii chochote. Nifanyeje?

Lisogeze gitaa mwilini. Inama na uweke sikio kwenye ubavu wake wa juu, au ugusishe kichwa cha gitaa kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Mitetemo hupita mfupani bila kupitia hewani, na kelele za ukumbi hupungua nguvu. Tumia noti nzito zilizo wazi badala ya hamoniki, ambazo hazina nguvu ya kutosha kupita hivyo, na ufuate mapigo: hata yasiposikika vizuri, yanahisika taya likigusa ubao.